Sauti ya alto: siku choir yetu ya Eldoret iliimba wimbo bila melody

Wakuu, nawasalimu wote, wazee wenzangu na nyinyi vijana mnaosoma huku mmesimama kwa foleni ya benki.

Mimi hapa huwa nasoma tu, siandiki. Mjukuu wangu alinifungulia akaunti ili nifuatilie habari za mbolea na bei ya mahindi. Lakini juzi kijana mmoja aliuliza melody ni nini, harmony ni nini, na kwa nini kwenye choir kuna watu ambao ukiwasikiliza peke yao hujui hata wanaimba kitu gani.

Akajibiwa na watu wa definitions. Majibu yalikuwa sawa, sina shida nayo. Lakini nikaona huyu mtoto aambiwe pia na mmoja wa hao watu wenyewe.

Mimi niliimba alto, ile sauti ya chini ya wanawake. Haya nitakayoandika yalinipata mimi, si hekaya ya kutafuta likes. Kuna wenzangu bado wako hai, na nikiongeza chumvi watanishika.

Pole, ni ndefu. Ukichoka weka simu chini, uzi hauendi mahali.

Ilikuwa mwanzo mwanzo wa miaka ya sabini, hapa Eldoret. Nilikuwa nimeolewa si zamani, nina mtoto mmoja wa kike, Nekesa. Mume wangu, Zakayo, alikuwa dereva wa lori la Mzee Abdi.

Mzee Abdi alikuwa Msomali mwenye duka na stoo ya nafaka kwenye barabara ya kuingia Langas. Mimi nilikuwa na cherehani kwenye veranda ya hilo duka. Mteja ananunua kitambaa ndani, akitoka ananipata hapo nje, namshonea.

Langas ya wakati huo usiifikirie kama ya leo. Ilikuwa mahindi, na nyumba za udongo moja hapa, nyingine kule. Watu walikuwa bado wanaita town Sixty-Four, namba ya lile shamba ilipoanzia. Kule Elgon View wazungu walikuwa wanapungua. Kila mara unasikia huyu ameuza, yule ameshapanda ndege.

Kanisa letu lilikuwa la mabati, limepakana na stoo ya Mzee Abdi. Choir ilikuwa ya watu kama sisi, waliotoka pande za magharibi kutafuta kazi. Makarani, wapishi, watu wa kiwandani na wake zao.

Aliyetufundisha aliitwa Mwalimu Hezron. Mwembamba, koti la kahawia, mwalimu wa primary. Alikuwa amefundisha muda mrefu kule Timboroa, juu mlimani kwenye baridi kali, na alipenda kusema kwamba mtu akiweza kuimba Timboroa asubuhi bila kukohoa, ataimba popote duniani.

Siku ya kwanza alitupima sauti. Unasimama mbele, unaanza na do, unapanda. Do, re, mi, fa, so. Nilipanda kwa furaha sana. Nilipokaribia do ya juu sauti ikakwaruza kama mlango wa mabati.

Mwalimu akasema, "Mama Nekesa, alto."

Wakuu, niliumia. Kila mwanamke alitaka soprano, kwa sababu soprano ndiyo hubeba melody, na melody ndiyo tune yenyewe, ile ambayo mtu anatoka nayo kanisani akienda kupika. Alto hakuna anayetoka nayo. Kuna mistari mizima nilikuwa naimba so, so, so, so, mahali pamoja kama ng'ombe amefungwa, na hapo kando yangu Penina anaenda juu na chini kama mbayuwayu.

Penina alikuwa soprano yetu ya kwanza, na alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tunasimama bega kwa bega, yeye mwisho wa soprano, mimi mwanzo wa alto.

Nikifanya practice nyumbani ilikuwa kichekesho. Mama mkwe alikuja kututembelea, akanisikia nikifua nguo na kuimba sehemu yangu. Akamwita Zakayo pembeni akamuuliza kama mimi ni mgonjwa, mbona nalia bila machozi.

Lakini Mwalimu Hezron alijua kufundisha. Alikuwa na kipande cha plywood amekipaka rangi nyeusi, hapo ndipo solfa, zile do re mi, ilikuwa inaandikwa.

Rhythm alitufundisha kwa miguu. Kabla ya kufungua mdomo tunakanyaga sakafu mpaka wote tunakanyaga pamoja. Tempo alisema si kuimba haraka wala polepole, ni makubaliano tu ya mwendo, na anayekimbia amevunja makubaliano.

Rest ndiyo ilitusumbua. Mahali pa rest huimbi, unanyamaza kwa hesabu, na watu walikuwa wanaona huo ndio wakati wa kurekebisha kitambaa cha kichwa. Mwalimu alikuwa akisema, "Hapo hujamaliza kuimba. Unaimba kimya."

Crescendo yeye aliita kreshendo. Alituambia ni kama garimoshi likipanda kwenda Timboroa, unalisikia dogo kule chini, halafu linakua, linakua, mpaka madirisha ya shule yanatetemeka. Mpaka leo nikiona hilo neno nasikia treni.

Sasa harmony. Siku moja aliwasimamisha watu wanne. Besi ashike do ya chini, tenor ashike so, soprano ashike do ya juu, mimi mi. Tukashika. Nilihisi ile chord kwenye mifupa ya kifua, kitu kimejaa, kina joto.

Halafu akanipa ishara ninyamaze. Wale watatu wakaendelea.

Sauti bado ilikuwa sawa, hakuna aliyekosea. Lakini ikawa baridi, tupu, kama nyumba iliyotolewa vitu. Mwalimu akauliza, "Nini kimetoka?" Watu wakaangaliana. Wengi hawakujua ni nini, lakini kila mtu alijua kuna kitu kimetoka.

Kutoka siku hiyo sikulalamika tena juu ya soprano. Sana.

Sasa mambo ya mashamba yakaingia.

Vijana hamtaelewa ile homa. Watu walikuwa wanaungana, wananunua shamba la mzungu, halafu wanagawana vipande. Mtu ambaye baba yake alikuwa analima kwa wenyewe, leo anaambiwa hapa hadi kwa ule mti ni pako. Nani angebaki Langas kuimba?

Tukitoka ibada hatukuongea tena mambo ya nyimbo. Tulikuwa tunaongea mto unapita wapi, udongo ni mweusi ama ni mwekundu, ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, watabaki ama wataenda na mzungu.

Besi ndiyo ilianza kutoka. Ndugu wawili walipata shamba kule Lugari. Halafu tenor wetu mzuri na mke wake. Na aliyewahamisha wote alikuwa mume wangu, na lori la Mzee Abdi.

Mimi niko kwenye veranda nashona, naona lori linapita. Juu kuna kitanda, kuku kwenye tenga, mlango wa ile nyumba waliyoiacha, na besi yetu imekaa juu ya magunia inanipungia mkono. Na Zakayo kwenye usukani anapiga honi.

Wakati huo kanisa lilikuwa linajenga nyumba ya mawe, na ilikuwa karibu kuisha. Siku ya kuifungua makanisa mengine yangealikwa. Mwalimu Hezron akatunga wimbo wake mwenyewe, sauti nne, wa siku hiyo. Ulianza hivi: Tumefika, Bwana, nyumba imesimama.

Melody yake ilikuwa tamu mno. Tulifanya practice kila jioni madirisha yakiwa wazi, na ule wimbo ukatoka ukatembea mtaani. Wanawake kwenye bomba la maji walikuwa nao. Wapakiaji wa Mzee Abdi walikuwa wanaupiga kwa mluzi wakibeba magunia. Hata Mama Tapsabei, mama Mnandi aliyekuwa akituletea maziwa, alikuwa anakuja nao kutoka mbali, bila maneno, la la la tu.

Sehemu ya alto sikuisikia kwa mtu yeyote.

Ikabaki wiki chache, Penina akaniambia mume wake amepata kipande mbele ya Turbo. Soprano wengine watatu, waume zao walikuwa kwenye kikundi hicho hicho. Mvua ilikuwa karibu, na asiyepanda mwaka huo angekaa njaa. Lazima wangeenda.

Nilimuuliza kama hawangengoja tu mpaka siku ya kufungua. Alikuwa anafunga vyombo kwenye shuka, hakuniangalia.

"Nimelilia shamba tangu nikiwa msichana," akasema. "Usinifanye niende kwangu kama mtu anayetoroka."

Nilimsaidia kufunga fundo.

Zakayo akawabeba.

Mwalimu alijaribu kila njia. Alinihamisha nikaimbe melody. Pale juu sauti ikakwaruza vile vile. Akashusha key, tukaanza chini kidogo. Nikafika, lakini besi wawili waliokuwa wamebaki wakasema huko chini walikopelekwa hakuna sakafu. Na nikiwa soprano, alto imebaki tupu, ile chord ikawa baridi tena. Ukifunika hapa, pale panafunuka.

Siku moja nikiwa kwa cherehani, Mzee Abdi alitoka dukani akasimama karibu yangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na nyimbo za kanisa hazikuwa mambo yake.

"Mama Nekesa," akasema, "ule wimbo wenu siku hizi una shimo."

Nikamuuliza kama huwa anatusikiliza.

"Sisikilizi. Ukuta ni mmoja, nasikia."

Jioni hiyo niligombana na Zakayo. Nilimwambia amechukua choir yetu nzima akaimwaga porini. Yeye akasema anabeba mizigo tu, watu wanajihamisha wenyewe. Tukala. Alipomaliza kunawa mikono akasema, "Nitawaleta." Angelala kule Turbo Jumamosi, na Jumapili asubuhi angefika na wale wanawake wote wanne.

Alimwomba Mzee Abdi lori. Mzee hakumuuliza maswali mengi, alitaka tu lori likirudi lirudi na mahindi. Zakayo akaondoka, na mimi nikamfulia Nekesa nguo yake nzuri nikiwa na moyo mwepesi.

Halafu mvua ikanyesha.

Wanaojua barabara za hapa za wakati huo, kabla ya lami kuingia ndani, wanajua nasema nini. Ilinyesha Jumamosi, ikanyesha mpaka asubuhi. Jumapili kukacha kumetulia, lakini mitaro yote inapiga kelele.

Wageni walifika. Nyumba ya mawe ikajaa, watu wengine wakasimama nje kwenye madirisha. Kulikuwa na maombi, hotuba, choir za wengine zikaimba vizuri. Kila gari likinguruma barabarani nageuka. Haikuwa yeye.

Tukaitwa.

Tulisimama mbele, na bila kuambiwa tukaacha nafasi pale soprano wangesimama. Mwalimu Hezron aliangalia mlango. Akaangalia hiyo nafasi. Nilidhani atawaambia wageni tumeahirisha.

Akanikaribia akasema kwa sauti ya chini, "Kaa alto. Tutaimba kile tulicho nacho."

Akapuliza kile kipenga chake kidogo cha kutoa key, akainua mkono.

Wakuu, mmewahi kusikia wimbo bila melody? Besi inatembea chini, tenor inajibu, alto iko katikati, na juu hakuna kitu. Ni kama kuona kamba ya nguo bila nguo. Wageni walianza kuangaliana. Kuna mmoja mbele alifunua kitabu chake cha nyimbo kana kwamba atapata huko maelezo.

Na mimi nilikuwa nasikika. Kwa mara ya kwanza ile so, so, so, so yangu haikuwa na mahali pa kujificha. Nilishika tempo kwa kidole cha mguu ndani ya kiatu, hicho tu ndicho kilinibakisha pale.

Tukamaliza ubeti wa kwanza. Hapo kuna rest, hesabu nne. Kimya. Sijawahi kuimba kimya kirefu kama kile.

Tulipoingia ubeti wa pili nikasikia la la la.

Ilitoka nyuma, karibu na mlango. Mama Tapsabei. Alikuwa amekuja kuona tu hiyo nyumba, na kibuyu chake cha maziwa kiko miguuni. Sidhani alitaka kufanya kitu chochote. Nafikiri masikio yake yalikuwa yanangoja ile tune, haikuja, akaitoa mwenyewe.

Wanawake wa bomba wakaingia. Wao walikuwa na maneno. Halafu benchi lililofuata, halafu mluzi ukatoka dirishani, wale wapakiaji.

Mwalimu Hezron alitugeuzia mgongo. Akaanza kuongoza mabenchi. Sisi tulijua mwendo, hatukumhitaji. Alipofika kwenye kreshendo aliinua mikono yote miwili polepole, na ile nyumba ya mawe ikajaa mpaka Nekesa, aliyekuwa amebebwa na jirani, akaanza kulia.

Mimi nililia pia, lakini sikuacha noti yangu.

Tulipomaliza ndipo nikamwona Penina mlangoni. Matope mpaka magotini, viatu mkononi. Lori lilikuwa limekwama na yale mahindi. Wamesukuma, wakakata matawi wakaweka chini ya magurudumu, mwisho wakatembea sehemu iliyobaki. Walikuwa wamefika ubeti wa mwisho ukiimbwa, na hakuna aliyefungua mdomo.

Nje nilimwambia pole, umekuja mbali bure.

Aliniangalia kama mtu anayekumbuka kitu. "Kumbe ndiyo hiyo ulikuwa unaimba siku zote?"

Nikamwambia ndiyo hiyo.

"Tumesimama pamoja miaka yote, iko hapa kwa sikio langu, na sijawahi kuisikia."

Nikacheka, naye akacheka, tukaenda kutafuta maji ya kuosha miguu.

Zakayo alikuja jioni na lori. Matope yalikuwa yamemkaukia mpaka kwenye nyusi. Aliuliza kama tuliimba. Nikamwambia tuliimba. Akauliza ilikuwaje, nikajaribu kumweleza, nikaona haiwezekani. Alikaa kwenye kizingiti akavua viatu polepole. Ule wimbo ulimpita kabisa.

Choir haikudumu sana baadaye. Mwalimu Hezron alipata uhamisho kwenda shule ya kwao, na habari za kifo chake zilinifikia akiwa ameshazikwa. Sisi pia tulihama. Zakayo alipata kipande upande wa kuelekea Moi's Bridge, siku hizo watu bado wanasema Hoey's. Penina alibaki upande ule mwingine. Tulionana kwa mazishi na harusi.

Niwaambie ukweli, ile ardhi niliipenda na niliiogopa. Ilikuwa wazi, upepo mtupu, jirani ukimwita hasikii. Hakuna kanisa karibu, hakuna bomba la maji la kusimama na wanawake. Nilikuwa napalilia nikiimba. Na kwa sababu ndiyo sehemu niliyoijua, nilikuwa naimba alto.

Siku moja Zakayo akasimamisha jembe akaniuliza huo ni wimbo gani. Nikamwambia si ndio ule wa kufungua kanisa. Akakataa, akasema ule ulikuwa unapanda, huu haupandi. Nikamweleza kwamba kile kinachopanda huimbwa na mtu mwingine.

Akafikiri kidogo. Halafu akasema, "Basi nifundishe hicho cha mtu mwingine."

Zakayo hakuwahi kuimba maisha yake yote, jamani. Nilimfundisha do, re, mi kwa vidole, tukiwa katikati ya mistari ya mahindi. Ilituchukua msimu mzima. Alikuwa na sauti ya injini, na kila akifika pale juu alikuwa anateremka kidogo, anaimba chini ya noti. Nilimrekebisha mpaka nikachoka.

Halafu nikakumbuka Mwalimu alivyotuambia. Choir humsikiliza anayeshika melody, na akishuka, mnashuka naye wote, ili mbaki pamoja. Kwa hivyo Zakayo akiteremka, na mimi nilikuwa nateremka. Mtu wa kipenga cha key angesema tumepotea wote wawili. Lakini kati yetu chord ilikuwa sawa, na ilikuwa na joto.

Tuliimba hivyo mpaka watoto wakawa wakubwa wa kutuonea aibu. Zakayo alitangulia miaka kadhaa iliyopita. Siku hizi nikienda shambani naimba sehemu yangu tu, na wajukuu wakiniuliza ni wimbo gani, nawaambia wangoje, utajulikana tu.

Sasa kijana uliyeuliza. Melody ni ile ambayo watu wanatoka nayo. Harmony ni sisi wengine, na usitupime tukiwa peke yetu. Somo langu mimi ni hilo tu: kuna watu wako maishani mwako wanaoimba so, so, so karibu na sikio lako, na huwasikii kwa sababu wako sawa. Wasikilize kabla hawajahamia mbali.

Nimechoka kuandika, macho yanauma. Kama uliimba alto, tenor ama besi mahali popote, andika hapa chini ilikuwa kanisa gani na mlikuwa mnaimba nini. Na nyinyi wa soprano karibuni pia, tulishawasamehe.